Mtoto anapomlilia mtu wa kwenye televisheni

Mtoto wako anapenda kuangalia kwenye simu video za zamani za mzungu mmoja mwenye kaptula ya kaki, anayemrukia mamba mgongoni huku akipiga kelele za furaha. Anazirudia kila siku. Jioni moja kaka yake anamwambia, "Huyo mbona alishakufa zamani!" Unamkuta mdogo amejikunja kwenye kochi, analia kwa kwikwi. Wewe huyo mzungu humjui, na jirani aliyekuja kukutembelea anacheka: "Analilia televisheni?"

Usicheke naye. Mbembeleze mtoto kama ungembembeleza kwa msiba mwingine wowote, maana kwake huo ni msiba.

Mtu mwenyewe ni Steve Irwin wa Australia. Yeye na mkewe, Terri, waliendesha bustani ya wanyama iitwayo Australia Zoo katika jimbo la Queensland, na kipindi chao cha mamba na nyoka, kilichoanza mwaka 1996, kilionyeshwa katika nchi nyingi duniani. Tarehe 4 Septemba 2006, akiwa baharini anarekodi kipindi, alichomwa kifuani na mwiba wa samaki aina ya taa, akafa. Alikuwa na miaka 44. Aliacha watoto wawili: Bindi, miaka 8, na Robert, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 3.

Watu walianza kufika kwenye lango la bustani ile mara tu habari ilipotangazwa. Waliweka maua, mishumaa na michoro ya watoto. Wengine walileta mashati ya kaki yaliyoandikwa salamu za rambirambi. Wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Serikali ilikuwa tayari kumfanyia mazishi ya kitaifa, lakini familia ilikataa ikamzika kimya kimya. Tarehe 20 Septemba ikafanyika kumbukumbu ya wazi katika uwanja uleule aliokuwa akiwalishia mamba. Binti yake alisimama mbele ya maelfu ya watu, akasoma maneno yake mwenyewe kuhusu baba aliyemwita shujaa wake. Shughuli nzima ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni.

Kwa nini mtoto anaumia hivyo?

Mtu wa televisheni anaingia sebuleni kwenu kila siku. Anamtazama mtoto machoni, anaongea naye kana kwamba wako wawili tu. Kuna wajomba wa damu ambao mtoto huwaona mara moja kwa mwaka, lakini huyu anamwona kila siku baada ya shule. Moyo wa mtoto hauulizi kama mapenzi hayo yanarudi upande wa pili.

Shida ni kwamba msiba wa namna hii hauna matanga. Anapokufa bibi, watu hujaa nyumbani, chakula hupikwa, kila anayeingia humwambia mtoto pole. Anapokufa mtu wa kwenye skrini, hakuna anayekuja. Wale waliopeleka mashati langoni walikuwa wakijitengenezea matanga yao. Mtoto wako naye anahitaji kitu cha kufanya: achore mamba, aweke picha ukutani, akusimulie sehemu anayoipenda zaidi. Na mtu mmoja tu akimwambia "pole, mwanangu" inatosha kuanzia.

Umwambie nini?

Mwambie kwamba amekufa. Tumezoea kuwaambia watoto kuwa mtu "amelala" au "amesafiri", tukidhani tunawapunguzia maumivu. Mtoto anayeambiwa kifo ni usingizi anaweza kuogopa kulala. Anayeambiwa ni safari atasubiri mtu arudi, kisha ataogopa kila mara wewe unapobeba mkoba. Tumia maneno mafupi: "Alichomwa na mwiba wa samaki, moyo wake ukasimama, akafa. Mtu akifa harudi." Baada ya hapo mweleze yale ambayo imani yenu inafundisha.

Kwa watu wa video kuna mkanganyiko wa ziada. Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi, na hapa anamwona marehemu akikimbia na kucheka kwenye skrini. Atakuuliza leo, kesho na kesho kutwa: "Mbona yuko hapa?" Mjibu vilevile kila mara, bila kukasirika: "Hii ilirekodiwa zamani, kabla hajafa." Kwa mtoto huyo kurudia swali ndiyo njia ya kuelewa. Kuanzia miaka sita au saba wengi huelewa kuwa kifo ni cha kudumu, na hapo huja swali gumu zaidi: "Na wewe mama, utakufa?" Usiahidi kwamba hutakufa kamwe. Unaweza kusema, "Kila mtu hufa siku moja, lakini mimi ninatarajia kuishi miaka mingi. Na wewe una baba, una shangazi, una bibi wa kukutunza."

Usishangae pia akilia asubuhi na mchana akacheza kama hakuna kilichotokea. Watoto huhuzunika kwa vipande vipande.

Hasira na hofu

Baada ya kifo cha Irwin, taa kadhaa waliokotwa wamekufa kwenye fukwe za Queensland, baadhi wamekatwa mikia. Ilidhaniwa ni watu waliotaka kulipiza kisasi, na shirika la kulinda wanyama aliloliacha marehemu likalaani jambo hilo. Ikiwa watu wazima walidhaniwa kufika huko, mtoto anayepiga ngumi mto au anayetaka "samaki wote wabaya wafe" hajaharibikiwa. Mwambie kwamba taa huchoma akijihami, hawindi watu.

Kwa familia za pwani hofu inaweza kuwa karibu zaidi, hasa kama baba ni mvuvi. Mweleze mtoto ukweli: taa huchoma zaidi miguuni, mtu anapomkanyaga mchangani, na vifo ni nadra sana. Ndiyo maana inafaa kuburuta miguu ukitembea kwenye maji mafupi, ili taa akimbie mapema. Aliyechomwa mguuni aloweke mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha aende kituo cha afya. Akichomwa kifuani au tumboni, msiuchomoe mwiba; mkimbizeni hospitali.

Kuhusu video, si lazima uzifute. Kaa naye mwangalie pamoja. Picha za kifo chenyewe hazikurushwa hewani, lakini mtandaoni kuna za kubuni zinazodai kuwa ndizo. Hizo usimwachie mtoto.

Nawe mlezi, jichunguze. Wakati mwingine kifo cha mtu wa mbali huamsha msiba wa karibu ambao nyumba nzima iliunyamazia. Mtoto anayelia sana kwa mtu wa mamba huenda anamlilia babu aliyezikwa mwaka jana, ambaye hakupelekwa kumuaga. Muulize polepole, jioni, taa zikiwa zimepunguzwa na wadogo zake wamelala.

Kukojoa kitandani, kuumwa tumbo bila sababu, au kukung'ang'ania kwa siku kadhaa ni mambo ya kawaida na hupungua yenyewe. Mpeleke kwa mhudumu wa afya ikiwa wiki zinapita na bado hali, halali, anakataa shule au ameacha kabisa kucheza. Akisema anataka kufa ili amfuate marehemu, usisubiri wiki zipite. Usimwache peke yake, na mpeleke siku hiyohiyo.