Mashine ya Espreso ya Bei Poa: Inamlipa Nani?

Zamani mashine ya espreso ilikuwa kitu cha hotelini. Siku hizi zimejaa kwenye maduka ya vyombo vya umeme, kuanzia Kariakoo hadi mtandaoni, zikibanana na blenda na pasi. Ile ya mgahawani bei yake inanunua gari la mtumba. Hii ya nyumbani unaipata kwa laki mbili, tatu. Ukiona tofauti kubwa namna hiyo, ujue kuna kitu kimepunguzwa. Kabla hujatoa hela, jua kimepunguzwa wapi.

Espreso ina masharti yake. Maji yawe ya nyuzijoto 90 hadi 96, yasukumwe kwa presha ya bar 9 hivi, na gramu 18 za unga zitoe takribani gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Sharti moja likivunjika, unapata kahawa chachu au chungu.

Mvuke au pampu?

Mashine za bei ya chini kabisa hazina pampu. Zinachemsha maji ndani ya tangi lililofungwa, na mvuke ndio unaosukuma. Presha yake mara nyingi haizidi bar 3 au 4, na maji hufika kwenye kahawa yakiwa yamepita kiwango, yakaiunguza. Utazitambua kwa mfuniko mzito wa kufunga kwa kuzungusha, kama wa presha kuka. Hizi ziache dukani.

Zinazofuata zina pampu, na boksini huandikwa kwa majivuno "15 Bar" au "20 Bar". Namba hiyo ni uwezo wa juu wa pampu, wala haikuambii kahawa inasukumwa kwa presha gani. Kinachotakiwa ni bar 9, hivyo usiongeze hata elfu kumi kwa sababu ya bar 20.

Sasa mwombe muuzaji akutolee kichujio kinachokaa kwenye mkono wa mashine, ukiinue kwenye mwanga. Ukitazama kwa ndani utaona mamia ya matundu. Kigeuze: chini kuna sahani ya pili yenye tundu moja tu, dogo kama ncha ya sindano. Tundu hilo ndilo linalobana kahawa na kutengeneza lile povu la rangi ya dhahabu, hata kama unga umesagwa ovyo au umekaa kabatini miezi. Kwa anayeanza ni msaada mkubwa, ila povu hilo si ushahidi kwamba kahawa ni nzuri. Uliza kama mashine inapokea pia kichujio cha kawaida, cha sahani moja. Kama haipokei, hata ukinunua kahawa bora ya Mbinga au Kilimanjaro, utamu wake hutaupata wote.

Gharama isiyoandikwa boksini

Kichujio cha kawaida kinadai unga laini, uliosagwa muda huohuo. Kwa hiyo unahitaji kinu cha kusagia, tena cha meno. Kile cha visu kinachozunguka kama blenda hutoa unga na chenga pamoja. Maji yanapita penye chenga na kuuacha unga. Kinu cha meno cha kuzungusha kwa mkono ndiyo nafuu ya kuanzia. Mwenye bajeti ndogo na atumie nyingi kwenye kinu kuliko kwenye mashine.

Tupige hesabu, na wewe uweke bei za mtaani kwako. Tuseme mashine ni shilingi 300,000, kinu 200,000, na kilo ya kahawa 40,000. Kilo moja inatoa vikombe 55 vya gramu 18, yaani kama shilingi 730 kwa kikombe. Umeme wa mashine ya wati 1,100 kwa dakika kumi haufiki robo ya uniti, kwa hiyo jumla tuifanye 800. Kama mgahawani unalipa 5,000, kila kikombe cha nyumbani kinakuokolea 4,200. Vikombe 120 vinarudisha laki tano yako. Anayekunywa kimoja kila siku ya kazi atazirudisha kwa miezi isiyofika sita. Anayekunywa Jumamosi tu atasubiri zaidi ya miaka miwili, na huenda mashine isimsubiri.

Je, kama kahawa yako ni ile ya mzee wa barazani, ya mia mbili, na kashata pembeni? Hapo kila kikombe unachojipikia kinakuongezea gharama. Mashine haitakulipa kamwe. Itakuwa starehe, na starehe si dhambi mradi uiite kwa jina lake.

Hesabu hiyo haina matengenezo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam na Dodoma wanayajua vizuri, huacha chokaa kwenye vijia vyembamba hadi mashine inaziba. Tumia maji yaliyochujwa na uisafishe kwa siki au unga wa ndimu kadiri kijitabu kinavyoelekeza. Uliza mapema kama mpira wa sili unapatikana, maana ndio huchakaa kwanza. Na ukiletewa mtumba, soma kibandiko cha nyuma: mashine ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, umeichoma.

Njia ya katikati

Kuna birika la moka, lililotolewa Italia na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Linawekwa kwenye jiko la gesi, halina pampu wala spea zaidi ya mpira na kichujio, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Presha yake ni bar 1 au 2, kwa hiyo espreso halisi haitoki. Inatoka kahawa nzito, kali, inayobeba maziwa bila kupotea. Jaza maji hadi chini ya vali, usishindilie unga, weka moto mdogo, na uliepue mara linapoanza kukoroma.

Basi uamuzi ni huu. Kama unanunua kahawa ya mgahawani karibu kila siku, chukua mashine ya pampu inayopokea kichujio cha kawaida, pamoja na kinu cha meno. Kama hela inatosha mashine peke yake, nunua moka na kinu, chenji weka akiba. Ya mvuke usinunue kwa bei yoyote.