Fahamu: Supachaja ya umeme na mlima wa Kabasha

Supachaja ni pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini ili mafuta mengi zaidi yaungue, na ile ya umeme huzungushwa na mota, tofauti na turbo inayozungushwa na moshi wa injini. Umuhimu wake huonekana katika Barabara ya Taifa namba 2 mashariki mwa Kongo, ambako magari yatokayo Rwindi hupanda Kabasha kuelekea Kanyabayonga na Butembo, kwani katika mwinuko wa mita 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo.

Hata hivyo, kuongeza shinikizo la hewa kwa nusu katika injini ya lita 2 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huhitaji takriban kilowati 4, yaani zaidi ya ampea 300 kwa umeme wa volti 12, mzigo unaoilemea altaneta ya kawaida. Ndiyo maana kompresa ya umeme ya Audi SQ7 ya mwaka 2016 ilipewa volti 48. Kwa hiyo feni ndogo za bei nafuu zinazouzwa kama supachaja za umeme hazifai kitu, na dereva atanufaika zaidi akisafisha chujio la hewa linalozibwa na vumbi na kuitunza turbo yake.