AKAUNTI ZA BENKI: TUWEKE WAPI AMANA ZETU?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin na kumkabidhi amana zao hata kabla hajapewa utume.

Ndugu wasomaji, wako wazee wetu, tangu Kaole na Mlingotini hadi Zinga na Mapinga, wanaoweka fedha ya Hijja chini ya godoro. Ukiwauliza, watakujibu kwamba wanaikimbia riba. Nia yao ni njema, lakini moto na mwizi havichagui nyumba. Wengine wamefungua akaunti bila kujua ni ya aina gani. Kwa hiyo tumeona tueleze tofauti zake.

Benki za kawaida zina akaunti za aina tatu:

1. Akaunti ya hundi. Fedha huwekwa na kutolewa wakati wowote. Hutumiwa zaidi na wafanyabiashara na taasisi. Kwa kawaida haina nyongeza, bali benki hukata ada.

2. Akaunti ya akiba. Ni ya mtu anayejiwekea kidogo kidogo. Benki humwongezea asilimia fulani kwa mwaka.

3. Akaunti ya muda maalumu. Fedha hufungwa kwa miezi 3, 6, 12 au zaidi. Asilimia yake huwa kubwa zaidi, na anayeitoa kabla ya muda huikosa nyongeza yote au sehemu yake.

Nyongeza hii iliyoahidiwa juu ya fedha, benki ipate faida au isipate, ndiyo riba. Aya ya 275 ya Suratul Baqara imehalalisha biashara na kuharamisha riba.

Je, hakuna njia? Ipo. Mwaka 2011 Amana Bank ilianza kazi nchini, ikiwa benki ya kwanza Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Sharia. Mwaka 2021 benki ya CRDB nayo ilianzisha huduma ya Al Barakah. Akaunti za namna hii husimama juu ya mikataba inayojulikana katika fiqhi:

Kwanza, karadha. Unaikopesha benki fedha yako, nayo inalazimika kukurudishia kamili bila nyongeza. Zubayr bin Al-Awwam (R.A.) alipoletewa mali aihifadhi, alikuwa akitaka iwe mkopo na si amana, kwa kuchelea isipotee. Amana ikipotea bila uzembe, mhifadhi halipi. Mkopo lazima ulipwe.

Pili, mudharaba. Wewe unatoa mtaji, benki inafanya biashara, na faida mnagawana kwa fungu mlilokubaliana. Unafanana na mgao wetu wa pwani: mwenye chombo na wavuvi hugawana kilichopatikana. Bahari ikinyima, hakuna wa kumdai mwenzake. Tuseme mtaji wako ni shilingi 1,000,000, na mmekubaliana upate asilimia 60 ya faida. Ikipatikana faida ya 50,000, fungu lako ni 30,000. Isipopatikana, hupati kitu. Ikitokea hasara bila uzembe wa benki, inaangukia mtaji wako, nayo benki imepoteza kazi yake.

Basi kabla ya kutia saini, tuulize: Mkataba huu ni karadha au mudharaba? Fungu langu ni asilimia ngapi ya faida? Ada ni kiasi gani? Nani anasimamia Sharia katika benki hii? Tujue pia kwamba mwaka 2023 kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000 kwa mwekaji, benki inapofilisika.

Na aliyekwisha kuingiziwa riba asiile. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameelekeza aitoe kwa masikini bila kutaraji thawabu za sadaka. Wala tusisahau zaka: fedha iliyofika nisabu na kutimiza mwaka ina haki ya asilimia 2.5, iwe benki au chini ya godoro.

Wanafunzi, wasomeeni wazee wenu makala haya. Allah aturuzuku chumo la halali. Amin.