SOMO LA REDIO: KUPIMA MWILI KABLA YA KUKATA KITAMBAA

Wekeni madaftari yenu tayari. Leo tutajifunza kupima mwili kwa ajili ya kushona nguo. Kitambaa kilichokatwa vibaya ni fedha iliyopotea, na maji yakimwagika hayazoleki.

Chukueni utepe wa kupimia. Upande mmoja una sentimita 150, upande wa pili inchi 60 hivi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Tumieni upande mmoja tu, na kila mara andikeni jina la kipimo. Mtu akiandika 36 peke yake, fundi atajuaje kama ni inchi au sentimita?

Anayepimwa asimame wima, mikono chini, apumue kama kawaida. Asijipime mwenyewe, maana akiinama utepe husogea. Darasani, wanawake wapimane wao kwa wao. Utepe ushike bila kubana.

1. Kifua: zungusheni utepe mahali kifua kinapojaa zaidi. Mgongoni usiteremke.

2. Kiuno: fungeni uzi tumboni, kisha anayepimwa ainame kidogo kulia na kushoto. Uzi utakapotulia, hapo ndipo kiuno.

3. Nyonga: pimeni mahali makalio yanapojaa zaidi.

4. Mkono: anzeni kwenye ncha ya bega, piteni kwenye kiwiko kilichokunjwa kidogo, mpaka kifundo cha mkono.

Sasa tufanye hesabu. Mama ana nyonga ya sentimita 100, naye anataka sketi ya vipande viwili. Ongezeni sentimita 4 ili aweze kukaa na kutembea: jumla 104. Gawanyeni kwa mbili: 52. Kila kipande kina mishono miwili ya pembeni, na kila mshono hula sentimita 2. Basi kateni sentimita 56.

Hapa kwetu Mbeya na Iringa liko jambo jingine, nalo ni baridi ya Juni na Julai. Mwaka mmoja nilipimwa koti mwezi wa Januari, nikiwa na shati tu. Julai nilipovaa sweta ndani, vifungo havikufika. Fundi hakukosa, mimi ndiye sikumwambia. Koti la baridi lipimwe juu ya sweta litakalovaliwa.

Zoezi: mpimeni mwenzenu mara mbili na kuandika vipimo vyake. Vikitofautiana, pimeni tena. Haraka haraka haina baraka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.