Kona ya Kupumzikia

Nimepanga chumba Louisville, kisha Columbus, na sasa Buffalo. Kote huko kosa langu lilikuwa lile lile: kitandani nasoma, kitandani nakula, kitandani nalala. Winta ya kwanza hapa nilikuwa hoi, nikadhani ni masomo tu. Kumbe giza nalo lina lake.

Miji hii mitatu inafuata saa moja, lakini mwanzoni mwa Desemba jua la Louisville huzama kama saa 11:20 jioni, la Columbus saa 11:05, la Buffalo saa 10:40. Buffalo iko mashariki ya Louisville kwa karibu digrii 7, na kila digrii ni dakika 4; dakika zinazobaki ni kwa kuwa iko kaskazini zaidi. Basi mkeka wangu nimeutandika dirishani. Chai ya asubuhi naywea pale, kompyuta hairuhusiwi.

Halafu hewa. Hewa ya nje ya nyuzi 7 chini ya sifuri, hata ikijaa unyevu, ukiipasha ndani hadi nyuzi 21 unyevu unashuka hadi kama asilimia 14. Ndiyo maana midomo inapasuka. Anika nguo chumbani. Ila dirisha likianza kutoa jasho punguza, ukuta utaota ukungu.

Udi je? Mimi mtu wa Tanga, siachi. Lakini jamani, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Tumia chetezo cha umeme, kipande kidogo, dirisha wazi kidogo. Na king'ora cha moshi usikifunike, hata kikikuaibisha mbele ya jengo zima.

Mwenzangu wa chumba bado anashangaa: viti vipo, mbona nakaa chini? Juzi nimemkuta kalala pale pale mkekani.