Kliniki ya Magonjwa ya Ngono Haipimi Wilaya Nzima

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta asilimia 2.9 ya watu wazima wa Mkoa wa Kigoma, ambamo zimo wilaya za Kibondo na Kasulu, wakiishi na VVU, na ule wa 2022/23 ukakuta asilimia 1.7, ilhali Mkoa wa Njombe ulifikia 12.7. Uwiano huo, unaoitwa ushamiri, hutokana na kupima kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo haulingani na ule wa wagonjwa wa kaswende, kisonono au pangusa wanaofika kliniki, ambao wamekwisha kuambukizwa kwa njia ileile inayopitiwa na VVU.

Uhusiano wa maradhi haya hauishii kwenye njia. Kidonda huivunja ngozi laini inayozuia virusi, na uvimbe wa kisonono huzivuta mahali hapo chembe za kinga za CD4, ambazo ndizo VVU huzishambulia. Jaribio la Mwanza la 1991 hadi 1994, lililofanywa katika jamii 12, lilionyesha kuwa kuwatibu wagonjwa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Jaribio la Rakai, Uganda, ambako watu wote wa jamii zilizoteuliwa waligawiwa dawa, halikupunguza maambukizi hayo, pengine kwa sababu janga la huko lilikuwa limekomaa na VVU vikienea zaidi kwa wasio na magonjwa mengine ya ngono.

Mwelekeo wa takwimu za kliniki, basi, husomwa kwa tahadhari. Ushamiri wa kliniki unaweza kupanda kwa sababu wanaotumia dawa za ARV wanaishi miaka mingi, au kushuka kwa sababu tu watu wengi zaidi wanapimwa, wakiwamo wasio katika hatari kubwa. Kibondo na Kasulu zina jambo la ziada, nalo ni kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, zilizopokea Warundi wengi kuanzia 2015, na ambazo huelekezewa lawama kwa urahisi mno. Mapitio ya tafiti za nchi saba za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba wakimbizi huongeza VVU kwa wenyeji wao. Katika takwimu za kliniki, kilicho na maana zaidi ni idadi ya wagonjwa ambao walipimwa wakakutwa hawana VVU, kisha wakarudi na ugonjwa mwingine wa ngono wakakutwa navyo, kwa kuwa hayo ni maambukizi mapya, ambayo ushamiri hauwezi kuyatenga na ya zamani.