Betri Njema Huuawa na Chaja Mbaya

Mwaka juzi mke wangu alipopokea zamu yake ya upatu, tulikubaliana kununua betri ya volti 12, ili umeme ukikatika watoto wapate taa ya kusomea. Haikupita miezi minane, betri ile ikawa haiwezi kuwasha taa hata kwa saa moja. Tulimlaumu aliyetuuzia. Lakini fundi alipokuja na kuipima, alinyoosha kidole kwenye chaja akasema, "Mzee, betri haina kosa. Muuaji ni huyu hapa."

Kosa letu ni kosa la familia nyingi za mijini. Betri huchaguliwa kwa makini, kisha chaja hununuliwa yoyote ile, mradi bei yake ni ndogo.

Betri ya risasi na asidi ni ya aina aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ile ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Ikijaa na kupumzishwa huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 12, zaidi ya nusu ya akiba yake imetumika, na yafaa ijazwe upesi. Ikiachwa tupu, salfeti huganda juu ya mabamba ya risasi na nguvu yake hupotea.

Chaja njema hufanya kazi kwa hatua. Kwanza husukuma umeme hadi volti 14.4 hivi, kisha hutulia hapo huku ampea zikipungua, mwishowe hushuka hadi volti 13.5 hivi, ikiitunza betri bila kuichemsha. Chaja isiyojua kushuka huendelea kusukuma usiku kucha. Maji hukauka na mabamba huliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa chaja yetu.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yako uliza maswali matatu. La kwanza, je, chaja hii hujishusha yenyewe betri inapojaa? La pili, ina ampea ngapi? Kwa betri ya maji ya ampea-saa 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 yatosha. Iliyo ndogo mno haitaijaza kabla umeme haujakatika tena. Iliyo kubwa mno huitia joto. La tatu, imekusudiwa betri ya aina gani? Betri ya jeli haivumilii volti kubwa kama ya maji, na ya lithiamu huhitaji chaja yake maalumu. Soma maandishi ya betri, uyalinganishe na ya chaja.

Kumbuka pia kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja. Usiiweke chumba cha kulala watoto, wala karibu na jiko. Funga nyaya kabla ya kuwasha chaja, na uizime kabla ya kuzifungua. Maji ya betri yakipungua, ongeza yaliyokenekwa tu, kamwe si ya bomba.

Sisi tulikwepa gharama ya chaja njema, tukaishia kununua betri mbili na chaja mbili. Upatu wa mwenzako usipotee hivyo.